Unyaufu

Kila asubuhi navuta boksi chini ya Carina,
boksi la sabuni nililolikunjua usiku,
nahesabu matone.
Juzi kumi na moja. Jana kumi na manne.
Mekundu, kama rozela iliyomwagika harusini
na hakuna aliyeona nani kaligonga jagi.

Mimi ni mtu wa hesabu.
Miaka ishirini na miwili nilisimama penye mizani
ya chama cha msingi, hapa Newala,
kalamu sikioni, vumbi la korosho kwenye nyusi.

Fundi Likwata alilala chali juu ya gunia,
akapenyeza kidole, kikarudi chekundu.
"Giaboksi inavuja kwa mbele, kwenye sili.
Mpira umekauka, mzee. Umenyauka."
Alilisema neno hilo bila kunitazama,
nami nikatazama spana zake.

Kuishusha giaboksi: laki nne na nusu,
sili zitoke Dar, siku tano, labda nane.
Au dawa.
Kichupa cha elfu kumi na nane, duka la Nantipi,
rafu ya juu, jirani na sumu ya panya.

"Inafanyaje kazi?"
"Haitengenezi kitu," akasema, akijifuta kwa tambara.
"Mpira unainywa, unalainika, unavimba,
unajaa pale ulipopungua.
Palipoliwa pameliwa. Ila hutaona tone."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Hajui kwamba kazi hiyo naifahamu.

Unyaufu ulikuwa na safu yake kwenye daftari.
Korosho ikikaa ghalani hukauka, hupungua,
hilo kila mtu analijua, hata mkaguzi:
gunia liliingia na themanini, likatoka na sabini na tisa.
Ile kilo moja nikaiita unyaufu.
Halafu na ya pili.
Msimu ule mvua zilipowahi, korosho zikalowa,
zikaongezeka uzito mikononi mwa wapagazi,
bado niliandika unyaufu.
Mwaka uliofuata nikanunua gari hili.

Jioni nikaimimina dawa, injini ikinguruma,
kwa faneli ya chupa ya maji niliyoikata kwa kisu.
Nikavuta gia moja moja kama nilivyoagizwa,
mbele, nyuma, mbele, nikiwa nimesimama palepale uani,
na kuku wakinishangaa.

Asubuhi tatu boksi likawa kavu.

Ya nne akaja Bihawa, mama wa Mkunya,
macho yamefunga ukungu, anaitwa kliniki Ndanda,
na basi limeshamwacha.
Magunia sita kila msimu, mama huyu.
Vidole vyake vingali na makovu meusi
ya mafuta ya ganda.
Nikamweka mbele.
Kwenye mteremko wa kushukia Masasi
gia ya pili ilisita
kama shahidi aliyeulizwa jina lake,
kisha ikaingia.

Alipapasa dashibodi, taratibu, upande hadi upande.
"Gari yako haizeeki, karani."
Nikasema ni dawa.
Tukapita mikorosho, mikorosho, kituo cha polisi, mikorosho.
Akasema tena:
"Ulikuwa na mwandiko mzuri, wewe.
Sikujua kusoma, lakini nilipenda kuutazama
ukiandika jina langu."

Sikupata la kujibu. Nikapandisha kioo,
nikakishusha.

Likwata alinionya: usiuamini ukavu.
Leo, kabla jua halijafika ukutani,
nimevuta boksi.
Tone moja. Katikati kabisa.
Nikaitoa kalamu, nikalizungushia duara,
nikaandika tarehe, nikaandika kiasi.
Safu ya sababu
nimeiacha wazi.